Hotuba Nyuma ya Mabati

Nilipewa dakika tatu. Kijana aliyeshika maikrofoni alinifuata chini ya turubai, nikiwa bado na kikombe cha maziwa mkononi, akainama sikioni: "Mzee, wewe utaongea kwa niaba ya wakwe. Tatu tu, tafadhali, pasta ameshaanza kutazama saa." Dakika tatu! Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Zaidi ya miaka arobaini nimekuwa mkwe wa boma hili, na ukikusanya maneno yote ambayo mimi na Mzee Makori, baba wa mke wangu, tuliwahi kuambiana ana kwa ana, hayajazi dakika tatu. Na hatukuwa tumekosana, hata kidogo. Tulipendana sana, ila tulipendana kwa kutazama pembeni. Sasa yeye alikuwa amelala ndani ya jeneza, kofia yake ya kanisani juu ya kifuniko, na mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia, jibu la swali aliloniuliza majuma mawili kabla. Nililipata jibu hilo, lakini nilichelewa kulifikisha kwa usiku mmoja.

Ili unielewe ni lazima ujue kitu tunachokiita chinsoni. Ni aibu, lakini ni aibu ya heshima. Kwetu Kisii baba na mwanawe, mkwe na mkwewe, hawatajiani mambo ya mwili wala ya uzazi, hata uzazi wa kuku. Mkwe haingii chumba wanacholala wazazi wa mkewe, ng'o, hata nyumba ikiungua atafikiri mara mbili. Lakini nyanya na mjukuu wake hawana aibu hiyo. Hao hutaniana mpaka majirani wazibe masikio, na hakuna anayewalaumu. Mimi niliyajua haya yote kabla sijajua kusoma. Ndiyo maana bado nashangaa nilivyoyasahau mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sitini, niliporudi kutoka chuo cha mifugo na cheti changu na gambuti mpya, nikapangiwa Masimba kuja kupandisha ng'ombe kwa sindano.

Chuoni tulifundishwa kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza hakuna kitu chenye aibu. Tulisoma viungo vya ng'ombe kama mtu anavyosoma majina ya mito. Fahali anabaki Nairobi, mbegu zake zinasafiri ndani ya mtungi wa chuma unaofuka moshi wa baridi ukifunguliwa, na mtaalamu anazitia ndani ya ng'ombe kwa mrija mrefu. Mkulima mwenye kang'ombe ka kienyeji anapata ndama wa gredi, chotara wa maziwa mengi, bila kulisha fahali. Niliona ni ajabu ya dunia. Hata leo, mzee mzima, nikiufikiria ule moshi unaotambaa chini badala ya kupanda juu, nasisimka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hamu ya kumweleza kila mtu. Sikufikiri hata siku moja kwamba kila mtu huyo ni baba yangu, au mama yangu, au mkwe wangu.

Nilipanga chumba nyuma ya duka la bwana mmoja na mkewe, pale Masimba barabarani. Chumba chenyewe kilikuwa kitanda, jiko la mafuta ya taa, na ukuta wa mbao usiofika dari. Nilipika ugali na chinsaga, ile mboga chungu kidogo inayotaka kuchemshwa kwa maziwa, na mimi nilikuwa naichemsha kwa maji kama mfungwa. Jioni moja nikamsikia mwenye duka akimwambia mkewe upande wa pili, wala hakunong'ona, "Huyu kijana atakufa. Mboga yake inanuka njaa." Mkewe akajibu, "Tena hana chumvi, nilichungulia." Asubuhi nikakuta mlangoni chupa ya maziwa na chumvi iliyofungwa kwa gazeti. Nilipomsalimia mama yule, "Bwakire," akaitikia vizuri kabisa, lakini hakutaja maziwa wala chumvi, na mimi sikushukuru. Hapakuwa na cha kushukuru, maana hakuna aliyekuwa ameniambia kitu. Niliishi miezi mingi kwa namna hiyo, nikilishwa na mazungumzo ambayo si yangu.

Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mwakio, Mtaita mrefu aliyekuja na landrova ya idara, mwenye Kiswahili cha kunyooka ambacho sisi tulikipenda kukisikiliza hata tusipokielewa chote. Yeye ndiye aliyesema kwamba kabla ya njia ya sindano, yaani safari za landrova na mtungi wake, kufunguliwa mahali popote, watu wapewe kwanza hotuba fupi ya maelezo. "Dakika kumi," aliniambia. "Hotuba ya kueleza ni kama debe la maziwa kichwani, ukijaza mpaka mdomoni utamwaga njiani. Chukua mambo matatu tu. Yapi?" Nikafikiri. Nikasema: dalili, saa na kamba. Mkulima ajue dalili za ng'ombe anayetaka dume, ajue saa ya kumleta, na amlete kwa kamba taratibu, asimkimbize. "Safi," akasema. "Sasa kafanye mazoezi." Nikafanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea kilichopasuka, ugali ukipoa, nikijisikia mtu wa maana.

Hotuba ya kwanza niliitoa upande wa Itumbe, karibu na kiwanda cha majani chai. Watu walijaa, wanaume kwa wanawake, wengi wametoka kuchuma, vikapu bado migongoni. Nikaanza vizuri. Nikafika kwenye dalili. Nilipotamka neno la kwanza tu kwa Kikisii, lile la ng'ombe kumpanda mwenzake, mzee mmoja wa mbele akasimama, akatazama mbingu isiyo na wingu, nyeupe kama sahani, akasema, "Mvua itanyesha." Akaondoka. Jirani yake akakumbuka kwamba ana mgeni. Wanawake wakajitwika vikapu. Hakuna aliyenitukana, wengine hata walinishukuru, na kabla sijafika kwenye saa na kamba nilikuwa nahutubia mbwa wawili na Bwana Mwakio. "Hawa watu wako wana nini?" aliniuliza. Nikamweleza chinsoni. Akasikiliza kwa heshima yote, kisha akasema, "Lakini ng'ombe hana mkwe. Mficha uchi hazai, bwana mdogo." Nikamwambia ni kweli, lakini waliokuwa wameketi pale si ng'ombe.

Hapo ndipo alipoitaja Masimba. Idara ilikuwa inataka kufungua njia moja tu mwaka ule. Masimba ikikosa watu kama Itumbe, landrova itapelekwa wilaya nyingine, na mimi niliyekuwa bado kwenye kipindi cha majaribio nitarudi nyumbani na gambuti zangu. Hilo lilikuwa baya, lakini halikuwa baya zaidi. Mwenyekiti wa wafugaji wa Masimba, mtu ambaye bila yeye hakuna ng'ombe angetoka zizini, alikuwa Mzee Makori. Na Mzee Makori alikuwa baba wa Kerubo, msichana niliyetaka kumwoa. Mjumbe wetu alikuwa ameshapeleka neno langu bomani kwake, na jibu lilikuwa kwamba mazungumzo yataendelea mavuno yakiisha. Sasa nisimame mbele ya mtu huyo, na mkewe, na kaka zake wote, nitaje kupanda na kupandwa? Nikihutubia, nampoteza Kerubo. Nisipohutubia, napoteza kazi, na kijana asiye na kazi nani atampa binti? Aisee, niliacha kula. Kerubo nilikutana naye mara moja tu juma lile, njiani kutoka kanisani. Alikuwa ameshasikia habari za Itumbe. Akaniambia bila kusimama, "Ukimwaibisha baba yangu, mimi pia nitaona mvua inakuja." Alikuwa anatania, lakini hakucheka.

Usiku mmoja wa taabu hizo nikamsikia tena mwenye duka kupitia mbao: "Wamesema yule kijana alifukuza watu Itumbe." Mkewe akauliza, "Kwani alisema nini?" Basi mwanamume yule akamweleza, kitu kimoja baada ya kingine, dalili zangu zote. Kumbe ndugu yake alikuwepo, na alikuwa ameondoka taratibu kweli kweli! Mkewe akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Wakazungumza mpaka taa ikazimwa. Nikakaa kitandani nikishangaa. Walikuwa na hamu! Hotuba yangu, ambayo mtu hakuweza kukaa mbele yake, ilikuwa tamu ikisikika kutoka upande mwingine wa ukuta.

Jumapili nikaenda nyumbani kwetu, ng'ambo ya kilima, kumwona nyanya yangu. Sisi humwita nyanya magokoro, na magokoro wangu alikuwa amekaa jikoni, sikio moja limeziba tangu zamani, akichambua mtama kwenye ungo. "Bwana wangu mdogo," aliniita, maana ndivyo nyanya wa kwetu wanavyowaita wajukuu, "mbona umekonda? Huyo binti wa Makori amekukataa?" Nikamweleza kazi yangu. Akaacha mtama. Akataka kujua kila kitu, na kwa sababu ya sikio lake nilimweleza kwa kupiga kelele, na kila jambo mara mbili. Sikuona aibu hata chembe, wala yeye. Alikuwa na ng'ombe mmoja, mfupi, mkaidi, mwenye maziwa ya kujaza kikombe na kubakiza kiu, na wazo la kupata ndama mkubwa lilimkaa moyoni kama deni analomdai mtu. Katikati ya kelele zile nikamwona mama yangu nje, amesimama kando ya dirisha, anafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Nikanyamaza. Ufagio ukanyamaza. Nikaendelea, ufagio nao ukaendelea. Hapo nikaelewa la kufanya.

Siku ya Masimba ilikuwa Jumatano. Chama cha wafugaji kilikuwa na stoo ya kuwekea mikebe ya maziwa, kuta zake mabati matupu, na mbele yake kizimba cha mbao cha kumbania ng'ombe. Wazee walipofika niliwasalimia, macho chini, nikawaambia kuna uji ndani ya stoo, wapumzike, mkutano utaanza baadaye kidogo. Mimi, nikasema, nina shida ndogo ya kifamilia hapo nje: magokoro wangu amekuja na ng'ombe wake. Mzee Makori akanitazama haraka, akatazama mabati, akatazama uji. "Uji si mbaya," akasema. Wakaingia wote, mlango ukafungwa. Wanawake wakagundua kwamba shamba la viazi nyuma ya ua lina magugu, wakainama kung'oa, ingawa shamba halikuwa la hata mmoja wao. Vijana wakaizunguka baiskeli moja barabarani, wakaipindua magurudumu juu, wakaanza kuitengeneza. Bwana Mwakio akashuka kwenye landrova, akageuka huku na huku. "Watu wako wapi?" "Wapo, bwana." "Wapi?" Nikamwomba asimame kando ya mtungi wake, anyamaze, anione.

Magokoro alikuwa amevaa kitambaa chake cha ibada. Ng'ombe alikuwa kizimbani, amekasirika. "Sasa," nyanya akapaza sauti, "huyo fahali yuko wapi?"

"Yuko Nairobi, magokoro!"

"Ati wapi?"

"Nairobi!"

"Nairobi! Na ng'ombe yuko hapa Masimba?"

"Yuko hapa!"

"Basi huyo fahali ni mrefu kweli!"

Ndani ya stoo mtu alipaliwa na uji, akakohoa sana, na wenzake wakaanza wote kukohoa ili wamfiche. Baiskeli iliangushwa. Mimi sikucheka, nilikuwa na kazi. Nilimweleza nyanya habari za mtungi na baridi yake. Akauliza atajuaje siku ya ng'ombe imefika. Nikampa dalili: analia na nyasi anazo, hatulii, anapanda wenzake, na wenzake wakimpanda anasimama tuli bila kukimbia. "Ati anafanyaje?" Nikarudia, kwa sauti ya kufika Keroka. Akauliza saa. Nikasema ukimwona hivyo asubuhi, mlete jioni ile ile. Ukimwona jioni, mlete kesho yake asubuhi. Usingoje siku ipite. Akauliza kwa nini asimswage mbio afike mapema. Nikasema la, mlete kwa kamba, polepole, apumzike kivulini, maana aliyetoka povu mbegu haishiki. "Na asiposhika?" Atalia tena baada ya wiki tatu, nikasema, nawe utamleta tena. "Hata mimi," nyanya akasema, "babu yako hakunipata mara ya kwanza." Huko kwenye viazi mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, amejifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Ndiyo hotuba yangu. Mpaka leo sijatoa nyingine iliyosikilizwa vile, na sikuwa na msikilizaji hata mmoja.

Mlango wa stoo ukafunguliwa. Mzee Makori akatoka wa kwanza, akafuta midomo, akaja akasimama karibu nami, sisi wawili tukitazama kilima cha mbali. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

"Mvua itanyesha," akasema.

Nikajua ndiyo basi. "Ndiyo, baba," nikajibu.

"Nina ng'ombe mmoja nyumbani. Asubuhi ya leo amelia sana, na nyasi anazo. Sijui ni ugonjwa gani."

"Pole, baba."

"Nitamleta jioni." Akapiga hatua mbili, akasimama. "Kwa kamba. Polepole."

Bwana Mwakio alikuwa amesikia. Alinishika mkono akautikisa mpaka ukaniuma, akacheka machozi yakamtoka, akasema tangu azaliwe hajaona mkutano wa namna ile. Jioni ng'ombe wa Mzee Makori alikuja, kamba mkononi mwa mwenyewe, na yeye akanikabidhi kamba hiyo akaenda kusimama nyuma ya stoo mpaka nilipomaliza. Ng'ombe alishika. Njia ya sindano ikafunguliwa. Mavuno yalipoisha mjumbe wetu alikaribishwa bomani kwa maziwa ya moto, maana wale ni Wasabato wa kweli, chai wanailima lakini hawainywi, na Kerubo akawa mke wangu. Siku ile ya stoo haikuwahi kutajwa kati yangu na baba yake. Kweli, nilijiuliza mara nyingi: alisikia yote? Alicheka? Ni nani aliyepaliwa? Mambo madogo, lakini mtu anaishi nayo. Mwaka hata mwaka nilikwenda bomani pale, nikaona ng'ombe wekundu wakizaana zizini, nikaketi na mzee tukaongea habari za mvua.

Majuma mawili kabla hajafariki alikuwa hatoki tena chumbani. Mimi niliketi nje, kwenye kigoda chini ya dirisha lake, kwa kuwa ndani siwezi kuingia. Mjukuu wangu Nyaboke, mtoto wa darasa la pili, ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka akimlisha uji. Nikamsikia mzee akimwambia kwa sauti kubwa kuliko nguvu zake: "Nyaboke, zamani nilikuwa stoo moja, nakunywa uji. Nje kulikuwa na bibi mmoja anauliza maswali. Aliuliza vizuri, nusura uji uniue. Lakini jambo moja hakuuliza, nami nimelingoja miaka yote hii. Yule fahali aliitwa nani? Mama za ng'ombe wangu wote nawajua. Baba yao simjui hata jina. Si vizuri." Nyaboke akasema, "Nimwulize babu?" Mzee akajibu, "Usimwulize mtu. Kula uji uliobaki."

Nilikaa pale chini ya dirisha nikilia kama mtoto. Kumbe alikuwa yeye aliyepaliwa! Na jina sikulikumbuka. Jina liliandikwa kwenye mirija, nililisoma siku ile, likapotea. Nikaanza kumtafuta Bwana Mwakio, kwa huyu na kwa yule, mpaka nikapata namba ya simu ya binti yake huko Taita. Mzee yule, ambaye sasa ndiye kiziwi, alipiga kelele simuni: "Nani? Masimba? Ewe! Fahali wa nyanya yako! Sajini! Alikuwa akiitwa Sajini!" Asubuhi yake nilikwenda bomani mbio, jina liko mdomoni, na kabla sijafika langoni nikasikia wanawake wakilia.

Kwa hiyo kijana aliponipa maikrofoni, nilikataa kuishika. Nilimwita Nyaboke, nikamsimamisha mbele yangu, na mimi nikaligeuzia jeneza mgongo. Vijana wakatazamana. Nadhani waliona mzee amechanganyikiwa.

"Nyaboke!" nikapaza sauti. "Unajua yule fahali aliitwa nani?"

"Babu, mbona unapiga kelele? Niko hapa."

"Wewe sikiliza tu. Aliitwa Sajini! Mwekundu, mkubwa, alikaa Nairobi! Ndiye baba wa yule wa kwanza wa boma hili, aliyezaa yule mwenye pembe moja, aliyezaa huyu anayelia sasa hivi nyuma ya jikoni!"

"Ati nani?" akauliza Nyaboke, na naapa sikumfundisha.

"Sajini!"

Nilipoinua macho, wazee wote chini ya turubai walikuwa wametazama pembeni, huyu anatazama majani chai, huyu viatu vyake, huyu paa la kanisa. Pasta, kijana wa kwetu, alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi. Sauti yangu ilikuwa imekwisha, na jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu toka Kisii mpaka Nyamira. Mama mkwe wangu, ameketi kando ya jeneza, mkono mmoja juu ya kofia ya mumewe, alitazama kilima.

"Mvua itanyesha," akasema.

"Ndiyo, mama," nikamjibu.